Nilimsalimia Mtu wa Runinga

Wiki iliyopita niliwaacha uwanja wa ndege wa Sydney, mimi nimevaa miwani ya jua ndani ya jengo kama mwizi, na Gitonga amejipanga foleni ya mbali ili tusionekane pamoja. Mama mkwe wangu, Bibi Niyonsaba, nilikuwa nimemwambia naenda Perth kwa mafunzo ya kazi. Binti yangu Lyse nilimwambia hivyo hivyo. Ndege ilikuwa ya Roma.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Médiatrice. Ni nesi katika nyumba ya wazee kule Smithfield, na naishi Guildford, yote mitaa ya Sydney. Mume wangu Égide alifariki mwaka jana.

Kwetu Warundi mjane hajitoi msibani kwa hiari yake. Anasubiri siku ya kuganduka, yaani siku ya kumaliza msiba. Watu wanakusanyika, wanakula, kisha mkubwa wa familia ya marehemu anasimama mbele ya wote na kusema: mjane huyu amekaa vizuri, kuanzia leo yuko huru, na bado ni mtoto wetu. Kabla ya maneno hayo huendi harusini, huchezi, na hutembei na mwanamume.

Mimi maneno hayo nilikuwa nimeyakaribia kabisa, na nikapanda ndege na mwanamume.

Msiniulize kwa nini sikusubiri. Niliuguza mtu, nikazika mtu, nikarudi kwenye zamu ya usiku kuwaogesha wazee wa watu. Gitonga, nesi mwenzangu Mkenya, aliposema, "Mama Lyse, twende mahali hata mbwa hawakujui," mwili wangu ulikubali kabla ya kichwa.

Wa kusema maneno yale ni Bibi Niyonsaba mwenyewe. Anaishi kwangu. Ndiye aliyemlea Lyse nikiwa kazini, na ndiye anayenichemshia uji nikirudi asubuhi. Akinikataa atahamia kwa mwanawe mwingine, Ntwari, kule Cabramatta. Na Lyse, ambaye ana umri wa kukasirika bila sababu na mwaka huu amepata sababu, atamfuata bibi yake. Nyumba yangu ina watu watatu. Ingebaki na mmoja.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayachezea kamari. Sasa sikilizeni nilivyocheza vibaya.

Roma hatukukaa. Siku ile ile ya kufika, karibu na kituo cha treni, nilisikia nyuma yangu mtu anaongea Kirundi kwenye simu. Nikageuka kidogo: sista, shela nyeupe, viatu vyeusi. Nikaingia nyuma ya kibanda cha magazeti mpaka akapita.

Gitonga alicheka mpaka akashika ukuta. "Medi, unamwogopa sista?"

"Sista ana simu. Mwenye simu ana binamu Sydney."

"Sawa. Basi tutafute mahali ambapo hakuna masista."

"Italia?"

Alitafuta. Tukapanda basi mpaka Bolsena, mji mdogo kando ya ziwa, mawe matupu na ngazi. Watalii wenyewe walikuwa wazee wa Kijerumani wanaotembea kwa fimbo. Hakuna mtu mweusi hata mmoja isipokuwa sisi wawili. Kwa siku mbili nililala mchana, nikala, nikavaa gauni langu la kijani ambalo nyumbani nilikuwa nimelificha chini kabisa ya sanduku kwa sababu lina rangi.

Siku ya tatu tukaenda kula samaki kwenye hoteli ya pale ziwani, meza zikiwa nje chini ya miavuli. Gitonga aliingia ndani kuuliza samaki gani wapo. Nilimpa pochi yangu ashike, kwa sababu nilitaka kwenda kunawa mikono.

Nikiwa natoka kunawa, nikamwona.

Mzungu wa makamo, kapelo kichwani, miwani nyeusi, amekaa na mwanamke mwenye nywele nyekundu. Alivua miwani kufuta jasho, na nikajua kwamba uso ule naujua. Si kwa kufananisha. Naujua, kama ninavyojua uso wa mtu wa mtaani kwangu. Ila jina halikuja.

Hapa lazima niwaeleze jambo. Mtu aliyekulia kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, kama mimi, amefundishwa hivi: uso unaoujua huupiti. Tulitawanywa. Huyu Kanada, huyu Marekani, huyu Norwei. Unakutana na mtu dukani baada ya miaka, na humuulizi wewe nani, maana kumuuliza ni kumwambia umemfuta. Unamkumbatia kwanza. Unauliza mama yake, unauliza wadogo zake, na jina linakuja lenyewe katikati ya mazungumzo. Mimi nimefanya hivyo maisha yangu yote na sijawahi kuaibika.

Na huyu kwa kuwa ni Mzungu, nikajua hawezi kuwa wa kambini. Basi atakuwa mtoto wa mmoja wa wazee wangu wa Smithfield. Wanakuja Jumapili, wanakaa kidogo, wanaondoka. Ukimpita mtoto wa mzee wako uliyemwogesha, huko ni kukosa adabu.

Nikaenda moja kwa moja. Nikafungua mikono.

"Jamani, na wewe uko huku," nikamwambia kwa Kiingereza.

Alisimama, nadhani kwa woga. Nikamkumbatia kikwetu: kushoto, kulia, kushoto tena, kisha nikamshika mikono juu ya kiwiko na sikumwachia, maana kuachia haraka ni dharau.

"Mama hajambo?"

"Mama?" akasema. "Mama… hajambo. Asante."

"Na goti lake?"

Niliotea. Hakuna mama wa Kizungu mwenye umri ule asiye na goti.

Macho yakamtoka. "Alifanyiwa upasuaji mwezi uliopita. Umejuaje?"

Nikapata nguvu. Kumbe kweli ni wetu. "Mimi ndiye ninayempaka dawa," nikasema. "Yuko upande wa bustani, sivyo?"

"Mama yangu anaishi shambani kwake. Dubbo. Mbali kabisa na Sydney."

Yule mwanamke mwenye nywele nyekundu akaanza kucheka. Alicheka bila sauti kwanza, mkono mmoja uko shingoni kwa yule bwana, mwingine unafunika mdomo. Mwisho glasi ikaanguka, na mimi kwa kuchanganyikiwa nikamkumbatia yule bwana tena.

Gitonga alikuwa anakuja na pochi yangu begani na kofia yangu ya jua mkononi. Akasimama kama aliyegonga kioo.

"Medi," akasema kwa Kiswahili, pole pole. "Mwachie huyo mtu."

"Namsalimia."

"Huyo si wa kusalimia. Huyo ni Damon Pryle. Wa TV. Na huyo ni Kirsty, mtangazaji mwenzake wa kipindi cha asubuhi."

Nikamwachia. Ndipo nilipojua uso ule nimeutoa wapi. Kila asubuhi nikirudi kutoka zamu, Bibi Niyonsaba yuko mbele ya runinga anajifunza Kiingereza kwa kipindi kile. Mimi huwa napita na bakuli la uji naenda kulala. Sijawahi kukaa kukitazama. Lakini nimepita mbele ya uso ule kila siku tangu tuhamie Guildford.

"Samahani sana," nikamwambia. "Nilidhani ni mtu ninayemjua."

"Wengi wanadhani hivyo," akasema Damon. Lakini alikuwa anatazama huku na huku, na kapelo ameirudisha mpaka kwenye nyusi.

Kirsty ndiye aliyetuambia tukae. Nadhani aliona ni salama zaidi tukiwa meza moja kuliko tukienda kusimulia. Mimi nilishaona. Wana pete wote wawili, na pete hazifanani. Mwanamke anayeishi na watu kama ninavyoishi haelezwi mara mbili.

Samaki wakaja. Damon alikula kama mtu anayechelewa basi.

"Tutashukuru sana," akasema mwishowe, "kama hamtasema mmetuona."

"Na sisi pia," nikasema.

Kirsty akainua kichwa. "Ninyi mnamkwepa nani? Mume wako?"

"Mume wangu alifariki."

"Pole. Mke wake?"

"Sina mke," akasema Gitonga. "Sijawahi kupata wa kunivumilia."

"Sasa mnamkwepa nani?"

"Mama mkwe."

Akanitazama kama mtoto anayefundishwa hesabu. "Lakini mumeo amekufa."

"Mama yake hajafa," nikasema.

Safari hii hata Damon alicheka. Tukapeana mikono, wote wanne, juu ya mifupa ya samaki. Hatukuwaona, hawakutuona. Meza ya nyuma kulikuwa na mama mmoja na mumewe, nao wanaongea Kiingereza cha kwetu Australia. Yule mama aliweka simu yake chini nilipogeuka. Sikuwaza kitu. Nilikuwa nimeshiba, na kwa mara ya kwanza tangu kuzika nilikuwa nimecheka mchana kweupe.

Nilirudi Guildford Ijumaa na boksi la chokoleti nililonunua uwanja wa ndege wa Sydney, nikasema ni za Perth. Bibi alizifurahia. Alisema za Perth si tamu kupita kiasi.

Jumapili baada ya kanisa familia ikaja kwangu kupanga kuganduka, maana siku ilikuwa Jumamosi inayofuata. Ntwari, mdogo wake Égide, alikaa kwenye kiti cha kaka yake bila kuuliza. Mkewe Goreth alikaa karibu na Bibi. Lyse alikuwa chini kwenye zulia na simu yake. Runinga ilikuwa inawaka bila sauti, kwa sababu kwa Bibi runinga haizimwi mpaka mtu alale.

"Bon, sawa," akasema Ntwari. "Ukumbi upo. Bia nimeshaongea na vijana. Shemeji, wewe utavaa nini?"

"Nguo nyeupe, kama kawaida."

"Na utakaa kulia kwa Mama."

"Nitakaa kulia kwa Mama."

"Mama atasema maneno, halafu watu watakuja kukupa mkono. Usitabasamu sana."

"Mwacheni atabasamu," akasema Bibi. "Ndiyo siku yenyewe."

Niliinuka kwenda kuangalia chai. Nilikaa. Niliinuka tena. Tangu Ijumaa sikuwa naweza kukaa mahali pamoja; nilikuwa nimefua mapazia yasiyokuwa machafu.

Basi Bibi akasema, "Ngojeni. Huyo ni kijana wangu. Lyse, weka sauti."

Kwenye runinga alikuwepo Damon Pryle. Si kwenye kipindi chake. Ilikuwa picha iliyosimama, imekuzwa. Ziwa, miavuli, meza. Damon amekumbatiwa na mwanamke mweusi mwenye gauni la kijani, uso wa mwanamke umezama begani kwake. Nyuma yao Kirsty, mkono shingoni kwa Damon. Na pembeni, uso wote unatazama kamera, pochi begani na kofia ya kike mkononi, Gitonga.

Chupa ya chai ilikuwa mkononi kwangu. Niliikumbatia.

"Wanasema nini?" Bibi akauliza.

Lyse alitafsiri bila kugeuza kichwa. "Wanasema watu walidhani Damon yuko kule na huyo Kirsty. Mapenzi. Lakini yeye anasema hapana. Anasema alienda Italia kutembelea wakimbizi. Kwa ajili ya msaada. Huyo mama ni mkimbizi, anamwambia asante."

Masikio yalipata moto. Tulipeana mikono juu ya samaki, na mtu yule amenigeuza maskini wake. Nimekuwa mkimbizi kweli, nimepanga foleni ya mahindi ya njano kweli, na sijamkumbatia mtu yeyote kwa ajili ya mahindi. Nilifungua mdomo. Nikakumbuka niko wapi, nikaufunga.

Bibi alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Mnaona? Mimi nilisema siku zote. Kijana huyu ana moyo. Mungu ampe maisha."

"Na huyo mama anamkumbatia Kirundi kabisa," akasema Ntwari. "Angalia mikono."

"Warundi wako kila mahali," nikasema, nikaenda jikoni.

Lyse akanifuata. Akafunga mlango kwa mgongo wake. Mimi humwongelesha Kiswahili na yeye hunijibu Kiingereza; ndivyo tulivyo, na siku hiyo haikuwa tofauti.

"Mum. Hilo ni gauni lako la kijani."

"Magauni ya kijani yako mengi."

"Ulilinunua na mimi. Parramatta. Nilikuambia ni fupi."

Nikafungua bomba la maji ili sebuleni wasisikie. "Lyse, nitakueleza."

"Perth," akasema. Alilisema jina la mji ule kama anatema mbegu. "Na huyo Gitonga alikuwa anakuja hapa kwenye msiba wa baba kubeba viti."

"Alikuwa anabeba viti kwa sababu hakukuwa na mtu wa kubeba viti."

"Usiongee na mimi," akasema, na hapo hapo Goreth akaita kutoka sebuleni.

"Mama Lyse, hebu njoo uone. Huyu si yule nesi Mkenya?"

Goreth alikuwa ameshaipata picha ile kwenye simu yake na ameivuta kwa vidole viwili mpaka Gitonga amejaa kioo kizima. Bibi amevaa miwani. Ntwari ameinama.

"Ni yeye," akasema Ntwari. "Gitonga. Yuko Italia anafanya nini?"

"Labda naye anasaidia wakimbizi," nikasema.

"Na pochi ya kike begani?" Goreth akanitazama, kisha akaitazama simu. "Mwanamume wa Kiafrika habebi pochi ya mwanamke wa watu. Wangu hapa hata yangu habebi."

"Nina mgongo mbaya," akasema Ntwari, huku anatafuta namba.

"Shemeji, unampigia nani?" nikauliza.

"Yeye mwenyewe. Mbona tujitese kuotea?"

Alimpigia, akaweka spika, akaweka simu katikati ya meza, kati ya sahani za karanga. Ililia mara kadhaa. Niliomba asipokee. Akapokea.

"Mzee Ntwari. Habari za Jumapili?"

"Nzuri. Tuko hapa kwa Mama Lyse, familia nzima, tunakutazama kwenye TV."

Nilisikia akikohoa.

"Mimi?"

"Wewe. Na pochi. Pochi ya nani, bwana?"

"Ya mchumba wangu," akasema Gitonga.

Goreth akapiga paja. "Si niliwaambia?"

"Anaitwa nani huyo mchumba?"

"Wanjugu."

"Ndiye huyo mwenye gauni la kijani? Wanasema ni mkimbizi."

"Hao watu wa TV ni waongo, mzee. Huyo ni Wanjugu. Alikuwa anasalimia tu."

"Anasalimia Kirundi, huyo Wanjugu. Amejifunzia wapi?"

"Kwangu."

"Na wewe Mmeru umejifunzia wapi?"

"Kwenye msiba wenu," akasema Gitonga. "Si mlinikumbatia wote? Mpaka mbavu ziliuma. Nikaona ni kitu kizuri, nikaenda nacho."

Ntwari akatazama chini. Lilikuwa jibu zuri mno. Nilisimama pale na chupa yangu ya chai nikimwonea wivu Wanjugu, mwanamke ambaye hayupo.

"Basi Jumamosi umlete," akasema Ntwari, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Ulitusaidia. Tunataka kumwona."

"Nitamleta, mzee," akasema Gitonga. Simu ikakatika.

Nilikuwa nimepona. Nataka mlielewe hilo. Ilikuwa imekwisha. Wanjugu angeumwa Jumamosi, mwezi ujao wangeachana, na mimi ningekaa kulia kwa Bibi na nguo yangu nyeupe. Lyse alikuwa mlangoni mwa jikoni, ameuma mdomo, lakini alikuwa amenyamaza. Angenyamaza.

Bibi Niyonsaba akanyoosha mkono. "Médiatrice, mwanangu, njoo ukae hapa."

Nikakaa.

Akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya goti lake, akaufunika kwa wake. "Unaona dunia? Wenzako wako Italia wanabebewa pochi. Na wewe ni kijana bado. Ungetaka ungeweza. Lakini umekaa na mimi humu ndani, umefanya kazi, umekunywa uji, hujaniaibisha hata siku moja. Nilikuwa natafuta maneno ya Jumamosi, sasa nimeyapata. Nitasimama mbele ya watu na mbele ya mwanangu aliyelala kaburini, na nitaapa kwamba mke wake amekaa vizuri."

"Usiape, Mama," nikasema.

"Kwa nini nisiape? Ni kweli."

Angesema tu, ningenyamaza. Mimi si mtakatifu na sijawahi kujifanya. Lakini mwanamke mzee aape uongo mbele ya mtoto wake aliyemzika, na uongo wenyewe niwe nimempikia mimi, hapo nilikataa.

"Gauni lile la kijani ni langu," nikasema. "Wanjugu hayuko. Aliyekuwa Italia na Gitonga ni mimi."

Goreth alifunika mdomo. Ntwari alisimama, akakaa, akasimama tena.

Bibi hakuuondoa mkono wake. Hilo ndilo lililonitisha. "Rudia," akasema.

"Ni mimi, Mama."

"Na Perth?"

"Sikwenda Perth."

"Chokoleti?"

"Za uwanja wa ndege wa hapa hapa."

Akatikisa kichwa pole pole, kama anayepokea habari za hospitali. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Na kijana wangu? Kweli alienda kusaidia wakimbizi?"

"Hapana, Mama. Alikuwa amejificha na yule mwanamke. Kama mimi nilivyojificha. Tulikula meza moja."

"Kumbe," akasema Bibi. Akaokota rimoti kutoka kwenye kochi, akatafuta kitufe kwa kidole gumba, akazima runinga. Sebule ikawa na ukimya ambao sijawahi kuusikia mle ndani.

"Bon," akasema Ntwari. Alikuwa ameshashika simu. "Jumamosi hakuna. Nawapigia watu. Huyu amemkanyaga kaka yangu kaburini, halafu tumpikie wali?"

"Kaa chini," akasema Bibi.

"Mama…"

"Jumamosi ipo. Mwanangu hajakosa kitu, na siku ni yake. Watu waje."

"Na maneno? Utasema nini?"

"Maneno ni yangu. Nitayajua nikisimama." Ndipo alipouachia mkono wangu. "Lyse, niletee mfuko wangu na dawa zangu. Ntwari, kawashe gari. Mimi leo silali hapa."

Sikumzuia. Ningemzuia kwa kusema nini? Nilimletea viatu, nikapiga magoti kumvalisha kama ninavyomvalisha kila Jumapili, na aliniachia nimvalishe. Alitazama juu ya kichwa changu wakati wote.

Tukatoka nje. Goreth alipanda mbele bila kunitazama. Ntwari alishawasha injini. Lyse alimpandisha bibi yake nyuma, akamfunga mkanda, akamwekea mfuko magotini. Kisha akazunguka upande wa pili, akafungua mlango, akasimama pale na mkono juu ya mlango.

"Lyse," nikasema. "Rudi ndani."

Hakurudi. Hakupanda pia.

"Nataka kujua kitu kimoja," akasema. "Kwenye ile picha uso wako hauonekani. Kule Italia, ulikuwa na furaha?"

Ntwari akapiga honi kidogo, mara moja. Bibi alikuwa ametazama mbele, lakini nilijua anasikia. Kioo chake kilikuwa chini.

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema nilimkumbuka baba yako kila saa. Hapana ingemrudisha Lyse jikoni kwangu, na labda ingemrudisha na Bibi pia, kesho au keshokutwa.

"Ndiyo," nikasema. "Nilikuwa na furaha."

Lyse alinitazama, kisha akatazama kiti kilichokuwa wazi karibu na bibi yake. Injini ilikuwa inanguruma. Mkono wake ulikuwa bado juu ya mlango.